Mkebe Chini ya Kaunta

Mwalimu alinifundisha darasa la sita, na nilipokuwa mtu mzima mwenye mtoto wangu, mimi ndiye niliyemwangusha. Naanza na hilo ili msomaji asije akanionea huruma mahali pasipostahili.

Wakati huo nilikuwa keshia katika supamaketi moja ya mjini Kisumu, tili namba nne, yaani kaunta ya nne ya malipo. Watu hudhani kazi ya keshia ni pesa. Pesa ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni mwendo. Kila Jumatatu asubuhi meneja alibandika karatasi kwenye ukuta wa chumba cha wafanyakazi, majina yetu yamepangwa kuanzia anayepitisha bidhaa nyingi kwa dakika hadi anayepitisha chache. Aliyekuwa juu hakupewa kitu. Aliyekuwa chini wiki tatu mfululizo aliitwa ofisini. Mimi nilikuwa chini, au wa pili kutoka chini, na tayari nilikuwa nimeitwa mara moja.

Mwalimu alikuwa amestaafu. Aliishi Kaloleni, kwenye nyumba ileile niliyokuwa nikipita utotoni nikienda shule, na huko alianza kusaga siagi ya njugu. Mwanzoni aliwagawia akina mama wa kanisa lake, ambao yeye alikuwa mwenyekiti wao. Wakaipenda, wakamwambia auze. Alinunua mashine ya kusagia, akahangaikia vibali kwa muda mrefu, akakaguliwa jikoni, akapewa alama ya ubora, akapewa na ile namba ya mistari inayosomwa na mashine za dukani. Supamaketi yetu ilipokubali kuichukua siagi yake, alikuja na katoni zake kwenye tuktuk, amevaa suti yake ya kijani ambayo nilikuwa nikimwona nayo siku za kutoa ripoti shuleni.

Siku hiyohiyo, baada ya mikebe kupangwa kwenye shelfu, alichukua mmoja akaja kupanga foleni kwenye tili yangu. Alitaka kuununua mwenyewe, asikie mashine ikilia.

"Oyawore, nyathina," aliniambia. Oyawore ni salamu ya asubuhi kwa Kijaluo, na nyathina ni mwanangu, ndivyo alivyokuwa akituita sote darasani.

"Oyawore, Mwalimu."

Nikaupitisha mkebe juu ya kioo. Kimya. Nikaupitisha tena, polepole. Kimya.

Tulikuwa tumefundishwa la kufanya mistari isiposoma. Unaifuta kwa kitambaa, kwa sababu pengine ina unyevu au mafuta. Unanyoosha karatasi iliyokunjamana. Unageuza bidhaa, unaisogeza mbali kidogo na kioo, unairudisha karibu. Ikishindikana, unaandika kwa mkono zile tarakimu zilizo chini ya mistari, na ziko kumi na tatu. Nilifanya yote hayo huku Mwalimu akinitazama. Nyuma yake mwanamume mmoja aliyeshika mkate na maziwa akauliza kwa sauti, "Madam, kwani hiyo njugu unaipanda hapo kwanza?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye alicheka, lakini alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Labda mashine yako imechoka," aliniambia kwa upole.

"Labda, Mwalimu."

Niliandika tarakimu kumi na tatu. Nilikosea mara ya kwanza nikaanza upya. Mashine ilipokubali, jina la siagi yake likatokea kwenye skrini, naye akainama upande wangu wa kaunta kulisoma.

Mashine haikuwa imechoka. Ilisoma sabuni, ilisoma mifuko ya unga iliyochakaa, ilisoma mkebe wa samaki uliobonyea. Siagi ya Mwalimu tu ndiyo iliyoikataa, na tili zote nyingine ziliikataa vilevile.

Kila Jumatano alikuja kuleta mikebe zaidi, na kila Jumatano alipitia kwangu kuuliza. Nilikuwa kama daktari wake. Nilimwambia nafikiri ni mafuta, kwa sababu njugu hutoa mafuta na pengine vidole vya wanaopakia vilikuwa vinaacha utando juu ya lebo. Akaanza kuosha kila mkebe kwa maji moto na sabuni na kuukausha kabla ya kubandika lebo. Haikusaidia. Nikamwambia pengine ni mviringo wa mkebe, mistari inapinda ikifuata mkebe na mashine haioni mwanzo na mwisho wake kwa pamoja. Akarudi kwa bwana aliyemchapishia lebo, akamwomba ailaze mistari upande mwingine, iwe kama ngazi. Lebo mpya zikachapwa. Mwalimu alikaa nyumbani akibandua zile za zamani kwa kucha, mkebe baada ya mkebe. Haikusaidia. Nikamwambia mistari ni midogo. Ikakuzwa. Haikusaidia.

Tena kulikuwa na jambo lililotuchanganya kabisa. Yule bwana wa lebo alikuwa akiijaribu kwa simu yake kila anapochapa, na simu ilisoma. Mwalimu alikuja siku moja na simu yake mwenyewe, akaielekeza kwenye mkebe mbele yangu, na simu ikasoma mara moja, namba zote kumi na tatu.

"Unaona?" alisema. "Simu inasoma. Ya mjukuu wangu inasoma. Basi ni nini?"

Nilimpelekea meneja swali hilo. Hakuinua macho.

"Mashine zetu zinasoma bidhaa ngapi humu ndani?" aliniuliza.

"Zote."

"Isipokuwa?"

"Isipokuwa hii."

"Sasa mbovu ni nini, mashine ama hii?"

Siagi yenyewe ilikuwa tamu. Watu waliipenda. Haikuwa na sukari nyingi kama zile za viwandani, na ilikuwa na chumvi kwa mbali. Jumamosi watu walikuja na mikebe miwili miwili, na kila nilipoona kifuniko chake chekundu kikija kwenye kaunta moyo ulishuka. Nilijua ninakwenda kupoteza dakika nzima, nilijua foleni itaanza kunung'unika, nilijua Jumatatu jina langu litakuwa wapi.

Dada wa tili namba tatu ndiye aliyeniokoa, na nalitumia neno hilo kwa sababu ndivyo nilivyoona wakati ule. Alikuwa mkubwa kwangu, mtu wa Ahero, keshia wa miaka mingi, na tangu siku yangu ya kwanza alikuwa amenishika mkono. Alinionyesha namna ya kusimama ili mgongo usiniume. Aliwahi kuniazima viatu. Siku moja Jumamosi aliniona nikiandika tarakimu zile jasho likinitoka, akaegemea upande wangu.

"Wewe unajiua bure," aliniambia. "Angalia mimi."

Chini ya kaunta yake alikuwa ameweka mkebe wa siagi ya njugu ya kampuni nyingine, kampuni kubwa, ukubwa uleule. Mteja alipokuja na mkebe wa Mwalimu, yeye aliuweka kando, akachukua ule wa chini, akaupitisha. Mashine ikalia. Mkebe wa Mwalimu akautia kwenye mfuko wa mteja.

"Bei ni moja," alisema. "Mteja hajaibiwa. Duka halijaibiwa. Na laini inasonga."

Nilienda kwenye shelfu nikachukua mkebe wa kampuni kubwa, nikauweka chini ya kaunta yangu. Wiki iliyofuata nilikuwa katikati ya ile karatasi ya ukutani. Baada ya mwezi tili zote sita zilikuwa na mkebe kama huo chini. Hakuna aliyetuambia tufanye, wala hakuna aliyetukataza. Ikawa sehemu ya kazi, kama kufuta kaunta.

Nimejiuliza mara nyingi kama sikujua. Nilijua. Si kwamba nilikaa chini nikafikiri, lakini nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, nilielewa kwamba kila mlio wa mashine unaandikwa mahali, na kwamba kila nilipouza siagi ya Mwalimu mashine iliandika kwamba nimeuza ya mwingine. Nilielewa. Nilichagua kutofuata wazo hilo hadi mwisho wake. Na Mwalimu alipokuja Jumatano na kuniuliza, "Mistari inaendeleaje, nyathina?" nilimjibu kwamba siku hizi hainisumbui. Alifurahi. Alidhani lebo kubwa ndiyo iliyotatua.

Ofisi ya meneja ilikuwa juu, unapanda ngazi za chuma. Niliitwa asubuhi moja kabla ya saa nne. Nilidhani ni habari za mwendo, nikawa najiandaa kujitetea. Nilipoingia nikamkuta Mwalimu ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini. Meneja alikuwa amegeuza kompyuta yake ili Mwalimu aone.

"Mama, mimi naongea na kitu mashine inaonyesha," alikuwa akisema. "Tangu ulete hii kitu, tumeuza kidogo sana. Lakini shelfu iko tupu. Kila wiki unaleta ingine, na kila wiki shelfu iko tupu. Hiyo mikebe inaenda wapi?"

"Inanunuliwa," Mwalimu alisema.

"Na nani? Mashine haijui huyo mtu."

"Mtu wenu wa stoo anahesabu ninapoleta. Anatia sahihi."

"Yeye anahesabu katoni. Hafungui ndani."

  Mwalimu alihitaji muda kuelewa anaambiwa nini, na nilimwona akielewa. Alikaa wima zaidi.

"Unasema ninaleta katoni ambazo hazijajaa," alisema.

"Sijasema hivyo, Mama. Nasema hesabu haiingiani." Kisha akanigeukia mimi. "Huyu yuko kwa tili. Hebu sema. Hii siagi unaiuzanga?"

Kitabu cha kanuni za kazi tulikuwa tumekisoma sote na kutia sahihi. Kupitisha bidhaa moja badala ya nyingine lilikuwa kosa la kufukuzwa siku hiyohiyo, bila onyo. Nilikuwa nimepanga chumba Migosi. Mtoto wangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Dada wa tili namba tatu alikuwa hapo chini, na nilijua nikisema neno moja ni yeye na mimi na wote. Hayo yote nayasema sasa kwa utaratibu. Pale ofisini hayakuja kwa utaratibu. Kilichokuja ni woga tu.

"Si sana," nilisema.

"Si sana ni ngapi? Kwa siku."

"Pengine mmoja. Siku zingine hakuna."

Mwalimu aligeuza kichwa akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akitutazama darasani mtu anapotoa jibu lisilo sahihi kwa swali analolijua, akimpa nafasi ya pili.

"Hebu sema tena, nyathina," alisema. "Sikusikia vizuri."

"Si sana, Mwalimu."

Alisimama, akashukuru, akashuka zile ngazi za chuma akishika ukingo kwa mkono mmoja. Mimi nilirudi kwenye tili yangu, na mteja wa tatu au wa nne baada ya hapo alileta mkebe wa siagi ya njugu wenye kifuniko chekundu, na nikafanya kama nilivyokuwa nimezoea kufanya.

Barua ilimfikia wiki hiyo. Sikuiona wakati ule, niliisoma baadaye. Ilisema kwamba duka limesimamisha kupokea bidhaa zake kwa sababu ya tofauti kati ya mikebe iliyoletwa na mikebe iliyouzwa. Haikutumia neno wizi. Iliandikwa na mtu aliyejua namna ya kutolitumia. Na yule mtu wa stoo alikuwa akisali kanisa moja na Mwalimu, kwa hiyo kilichokosekana kwenye barua kilisemwa huko kwa kinywa.

Mikebe iliyobaki iliondolewa kwenye shelfu, ikatiwa katika katoni mbili, zikawekwa sakafuni karibu na tili yangu zikimsubiri mwenyewe aje azichukue. Zilikaa hapo siku nyingi.

Mchana mmoja stima ikapotea. Supamaketi yetu ilikuwa ndani sana, haina dirisha, na kabla jenereta haijawaka kulikuwa na giza kwa muda. Mashine za kusomea mistari zilikuwa na betri zake, kwa hiyo skrini zilizimika lakini mashine hizo zilibaki zinawaka. Nilikuwa nimeshika mkebe wa Mwalimu. Mteja alikuwa ameutoa mwenyewe kwenye katoni akiuliza kama bado unauzwa, nami nilikuwa nauchukua ili niurudishe. Katika giza lile mwanga pekee mbele yangu ulikuwa ule wa mashine, mwanga mwekundu. Ukaangukia lebo.

Lebo ilikuwa tupu.

Niliigeuza nikidhani nimeshika upande usio wake. Haikuwa na jina, haikuwa na picha ya njugu, haikuwa na mstari hata mmoja. Karatasi yote ilikuwa rangi moja. Kisha jenereta ikanguruma, taa zikarudi, na kila kitu kikarudi mahali pake: jina, picha, mistari. Vyote vyekundu.

Mwalimu alikuwa amechapisha lebo zake kwa wino wa rangi moja, kwa sababu rangi moja ni nafuu, na alichagua nyekundu kwa sababu inapendeza shelfuni. Mwanga wa mashine zetu ulikuwa mwekundu. Chini ya mwanga mwekundu wino mwekundu hauonekani, unakuwa sawa na karatasi nyeupe. Simu inatazama kwa mwanga wa kawaida, ndiyo maana simu ziliona. Tungeosha mikebe hiyo hadi leo, tungeigeuza mistari kila upande, na mashine isingeona kitu, kwa sababu kwake hapakuwa na kitu.

Saa ya chakula nilibandua lebo moja nikavuka barabara hadi kwenye duka la fotokopi. Nikaomba kopi moja ya kawaida, nyeusi. Niliporudi nikaipitisha ile kopi juu ya kioo. Mashine ikalia papo hapo. Jina la siagi ya Mwalimu likatokea kwenye skrini, herufi zote, bila mimi kugusa tarakimu hata moja.

Dada wa tili namba tatu alikuwa akinitazama. "Hiyo ni nini?" aliuliza.

"Ni rangi tu," nilimwambia. "Ilikuwa rangi tu."

Nilipanda kwa meneja na ile kopi. Nilimweleza kuhusu mwanga na wino. Kuhusu mikebe ya chini ya kaunta sikusema. Alisikiliza, akaitazama kopi, akanirudishia.

"Basi ni makosa yake," alisema. "Alileta rangi mbaya. Hiyo stori imefungwa."

Hivyo ndivyo ukweli nusu ulivyofanya kazi. Kabla sijaupeleka, Mwalimu alikuwa na kosa moja. Nilipotoka ofisini alikuwa na mawili.

Jumapili nilikwenda Kaloleni. Nilimkuta kwenye kiti mlangoni akichambua mboga. Mashine ya kusaga ilikuwa ndani, imefunikwa kwa shuka. Hakushangaa kuniona. Alinipa kiti, akaniletea chai, na nilipokuwa nikimweleza habari za rangi alisikiliza kwa makini kabisa, akauliza maswali mazuri, akataka nimweleze mara ya pili habari ya giza. Nusura niishie hapo. Nilikuwa nimekwisha kushika mkoba. Kisha nikamweleza na lile lingine, lote, tangu ile Jumamosi ya kwanza.

Aliacha kuchambua mboga.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaiuza," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sana?"

"Sana. Jumamosi mimi peke yangu kumi, hata kumi na miwili."

"Adier?" Kweli? Alitazama chini, na nikaona midomo yake ikitetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha. "Kumbe watu walikuwa wanaila. Mimi nililala nikidhani ni mbaya. Nilidhani akina mama wa kanisa walinidanganya kwa sababu ni mimi."



"Wameniomba nikae kando kidogo," aliendelea. "Uenyekiti. Mpaka mambo yatulie. Hawakusema mambo gani." Akachukua jani la mboga akalirudisha. "Na siku ile ofisini. Nilikuuliza mara ya pili."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza mara ya pili ili usinifanyie vile."

"Najua, Mwalimu."

"Kesho asubuhi tutakwenda wote wawili. Utamwambia yeye kama ulivyoniambia mimi."

Nikakubali. Na Jumatatu asubuhi, nilipofika, nilimwona amesimama kwenye ngazi za nje kabla ya mlango kufunguliwa, amevaa ile suti ya kijani. Niliingia kwa mlango wa wafanyakazi, upande wa nyuma. Nilikaa kwenye tili. Kupitia vioo vya mbele nilikuwa namwona, kwanza amesimama, halafu ameketi kwenye ukingo wa saruji. Hakuingia kuniita. Watu walipita wakimsalimia, naye akawaitikia. Nilimwacha hapo hadi saa saba mchana. Ningependa kuandika kwamba nilitoka kwa sababu ya ujasiri. Nilitoka kwa sababu ilikuwa saa yangu ya chakula na mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na gari la maziwa.

Tulipanda pamoja. Nikasema yote. Meneja alinipa karatasi, akaniambia niandike, na akataka jina la aliyeanza. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Mwalimu hakuniambia andika wala usiandike. Nikaliandika.

Tulifukuzwa siku hiyo, mimi na dada wa tili namba tatu. Wengine walipewa onyo. Yeye alikuwa na miaka mingi pale kuliko meneja mwenyewe. Aliitwa juu, akashuka, akavua lile koti la kazi akalikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akaliweka juu ya kaunta yangu.

Kwa Mwalimu meneja alikuwa mkarimu. "Mama, sasa tumeelewana," alimwambia. "Chapa lebo nyeusi, lete maombi upya, tutaangalia."

"Na ile barua?" Mwalimu aliuliza.

"Barua gani?"

"Mliyoniandikia. Mtaandika nyingine kusema haikuwa kweli?"

"Barua hutoka hedi ofisi, Mama. Mimi sina uwezo huo."

"Basi nipe kipande tu. Kwa mkono wako. Nikionyeshe kanisani."

Alitabasamu, akasema atauliza. Mwalimu alirudi mara tatu kufuata jibu la swali hilo. Barua haikuandikwa. Maombi hakupeleka. Siagi ya kampuni kubwa, ambayo kwa miezi ile mashine ilikuwa ikiiandika kwamba inauzwa kuliko zote, iliongezwa shelfu la pili, palepale ilipokuwa ya Mwalimu. Niliiona kwa macho yangu, nilipokwenda kuchukua cheti changu cha kazi, ambacho nacho hawakunipa.

Siku ile tuliposhuka ngazi kwa mara ya mwisho, nilimsindikiza Mwalimu hadi kwenye tuktuk. Nilitaka aniambie kitu. Aliniambia, "Asante kwa kusema, madam." Akamwambia dereva Kaloleni.

Nilipata kazi nyingine baada ya muda, kwenye duka la dawa kule Mamboleo. Huko ndiko nilikokutana na dada wa tili namba tatu, miezi mingi baadaye. Anauza mitumba kando ya barabara, siku za soko. Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa muda mrefu, kwamba sikutaka, kwamba niliulizwa, kwamba hata mimi nilifukuzwa.

"Mimi nilikufundisha ili ukae kazini," alisema kabla sijafungua mdomo, na akamgeukia mteja aliyekuwa akijaribu sweta.

Alikuwa na haki. Mwalimu naye alikuwa na haki. Nimejaribu kutafuta mahali ambapo ningeweza kuwatendea haki wote wawili, na napapata mara zote palepale: ile Jumamosi ya kwanza, kabla sijaenda kwenye shelfu kuchukua mkebe wangu. Baada ya hapo kila nilichofanya kilimuumiza mmoja, na nilikifanya kwa kuchelewa, hata kikamuumiza na wa pili.

Mwaka uliopita nilisikia kwamba Mwalimu ameiuza ile mashine ya kusaga, na kwamba uenyekiti wa akina mama ulichukuliwa na mwingine ambaye anaendelea nao. Nikakaa chini nikamwandikia ujumbe kwenye simu, mrefu, kwa Kiswahili chote alichonifundisha. Sikuomba anijibu. Nilieleza tena siku ile ya ofisini, safari hii bila mtoto wangu, bila kodi ya chumba, bila kitabu cha kanuni. Niliandika tu kwamba uliniuliza mara mbili na mimi nikasema uongo mara mbili.

Jibu lilikuja jioni ya siku ya pili. Lilikuwa neno moja.

"Nimesoma."